Kumwondoa Kulungu Kisiwani: Ipi Nafuu, Ipi Ghali?

Dola 834,000 za Kanada, kulungu 84. Hesabu hiyo iliwachefua walipa kodi wa Kanada baada ya operesheni ya Desemba 2023 katika Kisiwa cha Sidney, pwani ya British Columbia. Ukigawanya, kila mnyama aligharimu karibu dola 10,000, yaani kama shilingi milioni moja za Kenya au zaidi ya milioni 15 za Tanzania. Walenga shabaha waliletwa kutoka Marekani na New Zealand, wakapandishwa helikopta. Majira hayohayo wakazi wa kisiwa walikuwa wamewinda wenyewe kulungu 54, na hazina ya serikali haikutoa hata senti. Mizoga ilipokaguliwa, 18 kati ya wale 84 hawakuwa kulungu wageni waliokusudiwa. Walikuwa kulungu wa asili wa eneo hilo, ambao hawakuwemo kwenye mpango.

Bei hiyo ilitawala vichwa vya habari, na ina haki ya kuuliziwa maswali. Ila peke yake haimsaidii mnunuzi. Katika shughuli hii kuna kununua nyumba na kuna kulipa pango. Anayenunua huumia mara moja, akamaliza. Anayepanga hutoa kidogo kidogo, na siku akiacha kutoa anajikuta nje. Njia nyingi za kupunguza kulungu ni pango, hata zile zinazonadiwa kuwa za bei poa au za huruma. Hapa tunapanga njia sita kwa bei, kwa anayelipa, na kwa kile kinachobaki mkononi fedha zikiisha.

Kwa nini waondolewe

Kulungu tunayemzungumzia si yule wa misitu yetu. Ni jamaa zake wa mbali wa Ulaya, Asia na Amerika, ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuzidondosha kila mwaka. Visiwa vingi wanakosumbua leo walipelekwa na watu, mara nyingi kwa ajili ya kuwindwa. Tajiri wa chokoleti wa Ufaransa, Henri Menier, alinunua kisiwa cha Anticosti huko Quebec mwaka 1895 na kuingiza kulungu wapatao 220. Baadaye walipita 100,000, kwenye kisiwa chenye wakazi kama 200 tu. Haida Gwaii, upande wa pili wa Kanada, waliingizwa mwaka 1878. Catalina, kisiwa kilicho mbele ya Los Angeles, waliingia karibu na mwaka 1930.

Wakifika hawana wa kuwazuia. Mbwa mwitu hakuna, simba wa milimani hakuna, na jike aliyeshiba huzaa mapacha. Mwaka 1928 kulungu sita waliwekwa ndani ya uzio wa hifadhi moja jimboni Michigan. Miaka sita haijaisha, wakahesabiwa zaidi ya 160.

Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hakati tawi, analinyofoa. Ukiinama kwenye kichaka alichokila unaona ncha zimechanika nyuzinyuzi, tofauti na sungura, ambaye hukata mshazari safi. Kwenye kisiwa kilichoelemewa, kila kitu kinachofikiwa na mdomo wake kimenyofolewa hivyo: miche, maua, vichaka. Juu kuna majani, chini kuna udongo. Anticosti walikuwapo dubu weusi wengi, na wametoweka. Kulungu walimaliza vichaka vya matunda ambayo dubu walikuwa wakila ili wanenepe kabla ya baridi. Catalina kuna mti, mahogani wa Catalina, ambao porini imebaki mimea ya kuhesabika kwa vidole, na hauoti kwingine kokote duniani.

Basi hoja ya wahifadhi inaeleweka. Ugomvi ni juu ya njia, na juu ya nani alipe.

1. Kuuza leseni kwa wawindaji

*Bei:* chini ya sifuri. Mwindaji ndiye anayelipa, pamoja na usafiri, chakula na malazi.

Anticosti ndivyo inavyoishi. Wawindaji huingia kila mwaka, na uwindaji ni nguzo ya uchumi wa kisiwa. Kwa mamlaka yoyote yenye hazina nyembamba, hili ndilo chaguo linalovutia kwanza.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, mwindaji wa burudani mara nyingi hutafuta pembe, na pembe ziko kwa madume. Dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo ukiua madume nusu, majike yaliyobaki yatazaa vilevile. Pili, kulungu wakipungua huwa wachache na wajanja, na mtu aliyelipa ili apate mnyama hatarudi mahali anapotembea kutwa bila kuona hata unyayo. Anaacha kuwinda pale hasa kazi inapoanza kuleta matunda. Catalina imeruhusu wawindaji kwa miaka mingi, na bado kulungu wanakadiriwa kuwa karibu 2,000.

*Kinachobaki:* kulungu, na mapato. Inamfaa anayekubali kuishi nao. Haimfai anayetaka msitu wake urudi.

2. Walenga shabaha wa kulipwa

*Bei:* kubwa kuliko zote kwa wakati mmoja, na inatofautiana mno.

Mfano mzuri si wa kulungu bali wa nguruwe mwitu, ng'ambo kidogo ya Catalina. Kisiwa cha Santa Cruz kiligawanywa kwa fensi katika kanda, kisha kampuni ya New Zealand ikapita kanda baada ya kanda kati ya 2005 na 2006. Nguruwe 5,036 waliuawa kwa takriban dola milioni 5 za Marekani, yaani kama dola 1,000 kwa kila mmoja. Kesi zilifunguliwa, magazeti yakawaka moto. Kazi ikaisha, na haijarudiwa. Nguruwe walikuwa wamewavutia tai wa dhahabu, na tai hao wakawa wanawala mbweha wadogo wa kisiwa hadi wakashuka chini ya 100. Nguruwe walipoondoka, na tai hao wakahamishwa, mbweha wakaongezeka. Mwaka 2016 waliondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Monhegan, kisiwa kidogo cha jimbo la Maine, kiliondoa kulungu wake wote kati ya 1996 na 1999 kwa sababu ya kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Kupe walipungua sana miaka iliyofuata. South Georgia, kusini mwa Atlantiki, kulikuwa na kulungu wa baridi walioletwa na wavua nyangumi wa Norway mwaka 1911. Wapatao 6,700 waliondolewa katika majira mawili, 2013 na 2014. Huko walianza na wafugaji wa Kisami wa kaskazini mwa Ulaya, waliowaswaga wanyama hadi zizini wakachinjwa na nyama ikauzwa. Bunduki zilimalizia waliobaki.

Ukitazama mifano hii pamoja na Sidney, utaona bei inategemea sana ulipo kwenye safari. Kulungu wa kwanza ni rahisi, kwa sababu wako wengi na hawajajua hatari. Wa mwisho ndiye ghali, maana anaweza kuhitaji siku kadhaa za watu, mbwa na helikopta. Operesheni ikisimama kabla yake, fedha zote za awali zinakuwa zimelipia upungufu wa miaka michache tu.

*Kinachobaki:* ukimaliza, kisiwa kisicho na ankara nyingine. Usipomaliza, ni pango la gharama kubwa kuliko yote.

3. Kuwahamisha

*Bei:* inaonekana nafuu mpaka uhesabu waliopona.

Umma hupenda sana njia hii: wakamatwe wazima, wapakiwe, wapelekwe kwenye msitu mkubwa. Kisiwa cha Angel, katikati ya ghuba ya San Francisco, kiliijaribu mwaka 1981. Kulungu 203 walihamishwa kwa dola 431 kila mmoja. Watafiti waliwafuatilia. Ndani ya mwaka mmoja karibu asilimia 85 walikuwa wamekufa, ama kwa kugongwa na magari, ama kwa kuliwa, ama kwa kushindwa kuijua nchi mpya. Gharama kwa kila kulungu aliyekuwa hai baada ya mwaka ilifika dola 2,876, na hizo ni dola za 1981, ambazo kwa thamani ya leo ni zaidi ya mara tatu. Waliobaki kisiwani walipata majani zaidi, wakazaa kwa kasi, na miaka michache baadaye bunduki zikatumika.

*Kinachobaki:* kulungu walewale kisiwani, na mizoga mahali ambapo kamera hazipo. Katika njia zote sita, hii ndiyo inayomuuzia mnunuzi dhamiri safi kwa bei kubwa kuliko thamani yake.

4. Kuzuia uzazi

*Bei:* ya kati mwanzoni, kubwa mwishoni, maana haina mwisho.

Staten Island, sehemu ya Jiji la New York, ilihesabu kulungu 24 mwaka 2008 na 763 mwaka 2014. Baadaye wakakadiriwa kuwa karibu 2,000. Uwindaji hauruhusiwi jijini, na wakazi wengi hawakutaka bunduki karibu na nyumba zao, kwa hiyo mwaka 2016 jiji likaamua kufunga mirija ya uzazi ya madume. Mnyama hupigwa sindano ya usingizi penye chambo, hupasuliwa na kushonwa, huvishwa hereni yenye namba, kisha huachwa aamke. Madume yenye hereni yakawa yanaonekana kwenye bustani za watu, yakitafuna maua yaleyale.

Bajeti ilianza kama dola milioni 2 na ikapanda hadi milioni 6.6. Matokeo si sifuri: watoto walipungua sana, na katika miaka michache ya mwanzo kundi likashuka kwa takriban moja ya tano. Wataalamu waliopinga walisema jike asiyeshika mimba hurudi joto baada ya kama siku 28, kwa hiyo madume huendelea kukimbizana naye kuvuka barabara miezi mingi kuliko kawaida. Tena Staten Island imetenganishwa na New Jersey kwa mlango mwembamba wa maji, na kulungu huogelea. Hata ukifunga madume yote leo, kesho lingine linaweza kupanda kutoka majini.

Njia ya pili ni chanjo itengenezwayo kwa utando wa mayai ya nguruwe. Mwili wa jike huunda kinga inayozuia mbegu kushika. Fripp, kisiwa cha South Carolina, kilipunguza kulungu wake kwa nusu kati ya 2005 na 2010 kwa chanjo. Ila kinga hiyo hufifia, na wanyama wanapaswa kuchanjwa tena.

Catalina ndiko kunakoonekana mpaka wa njia hii. Nyati wa Amerika 14 walipelekwa huko mwaka 1924 kwa ajili ya filamu, na kundi lao lilipokua, shirika la hifadhi lenye asilimia 88 ya kisiwa, Catalina Island Conservancy, lilianza kuwachanja mwaka 2009. Ilifaulu. Shirika hilohilo linasema kulungu hawawezekani kwa chanjo. Nyati walikuwa kama 150, wakubwa, wakisimama uwandani na mtu akiwajua mmoja mmoja. Kulungu ni maradufu mara nyingi, wamejificha mabondeni, na kila jike linapaswa kupatikana, kisha kupatikana tena.

*Kinachobaki:* kundi dogo zaidi, mradi malipo yaendelee. Wakati huohuo waliopo wanaendelea kula kwa maisha yao yote.

5. Uzio

*Bei:* kwa kila mita, na matengenezo juu yake.

Hapa humwondoi kulungu, unamtoa kwenye eneo. Anticosti hutumia uzio mkubwa kuzungushia vipande vya msitu. Wawindaji huingizwa humo kupunguza kulungu, miche ya msonobari inaachwa hadi ipite kimo cha mdomo, kisha uzio unafunguliwa na kuhamishwa. Unafaa kuokoa mti mmoja adimu au kijito kimoja. Kwa kisiwa kizima haufui dafu, na mti mmoja ukiangukia waya wakati wa dhoruba, kulungu wameingia kabla ya mkaguzi kupita.

*Kinachobaki:* bustani ndani ya jangwa, ukiendelea kuikagua.

6. Kumfanya kitoweo

*Bei:* ya ufugaji, inayorudi sokoni.

Mauritius imekaa na kulungu tangu Waholanzi walipowaleta kutoka Java mwaka 1639. Leo wanafugwa na kuwindwa kwenye mashamba makubwa, na nyama yao huliwa na Wahindu, Waislamu na Wakristo bila mtafaruku. Kwa msomaji wa huku kwetu hii ndiyo njia inayoingia akilini upesi, maana mnyama kupigwa risasi akaachwa aoze huudhi kuliko kuuawa kwenyewe. Haida Gwaii walilielewa hilo: kulungu walipoondolewa kwenye visiwa vidogo mwaka 2017, nyama iligawiwa kwa jamii ya Wahaida.

Lakini mfugaji hamalizi mifugo yake. Palipo na soko la nyama, daima patakuwa na mtu anayetaka kulungu wabaki. Mauritius ilipata kitoweo, na kulungu hawajaondoka kwa karibu miaka 400.

*Kinachobaki:* nyama, ajira, na kulungu.

Gharama zisizoandikwa kwenye ankara

Catalina inaonyesha kuwa hata mwenye ardhi na mwenye fedha anaweza kukwama. Mwaka 2023 shirika la hifadhi la huko lilipendekeza kuua kulungu wote kwa helikopta. Kisiwa kina wakazi kama 4,000 na kinaishi kwa watalii. Wakazi wakapinga, viongozi wa Kaunti ya Los Angeles wakapinga, na mwaka 2024 helikopta ikaondolewa kwenye mpango. Wazo la walenga shabaha wa ardhini likabaki mezani, na ubishi ukaendelea.

Sehemu ya ubishi ni ya kiufundi kweli. Wapinzani, wakiwemo wakuu wa zimamoto wa kaunti, wanasema kulungu wanapunguza majani ambayo yangekuwa kuni za moto. Shirika linajibu kwamba kulungu hula machipukizi ya vichaka vya asili baada ya moto, na pengo linajazwa na nyasi ngeni zinazokauka mapema na kushika moto upesi. Hoja zote mbili zinahusu nyumba za watu, kwa hiyo haziwezi kupuuzwa kama machozi ya wapenda wanyama.

Sehemu nyingine ni ya haki. Kulungu hakujileta. Kizazi kilichomleta kwa burudani hakitalipa. Anayelipa ni mlipa kodi wa leo, mkazi anayesikia risasi usiku, na mnyama mwenyewe. Mpango wowote usioeleza hayo waziwazi utagharimu zaidi mahakamani na kwenye mikutano kuliko porini.

Tuna mfano wetu

Visiwa vya Bahari ya Hindi navyo vimelipa pango hili. Kunguru wa India waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Kampeni ya miaka ya 1990 iliwapunguza sana Mji Mkongwe, kisha ikasimama, na wakajaa tena. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Kunguru huruka bahari, kwa hiyo upande wa Unguja hesabu inafanana na ya Staten Island, si ya Santa Cruz: panapoingilika hapanunuliki, panapangishwa tu. Anayeanza kampeni ya namna hiyo aanze akiwa na bajeti ya mwaka wa kumi, si ya mwaka wa kwanza.

Ukiwa wewe ndiye mnunuzi

Jiulize kwanza kama mnyama anaweza kurudi. Kama anaweza kuogelea au kuruka hadi kwako, usinunue mpango wa kumaliza, kwa sababu hautamaliza. Chukua wawindaji wa leseni, waelekeze kwenye majike badala ya pembe, na uwekee uzio vitu adimu.

Kama hawezi kurudi, na una fedha za kufika mnyama wa mwisho tangu siku ya kwanza, walenga shabaha wa kulipwa ndio nafuu, ingawa bei yao ya mwanzo inaumiza. Mkataba usilipe kwa kichwa. Anayelipwa kwa kichwa hana sababu ya kuacha kichaka bila kulungu. Lipa kwa kisiwa kilichothibitishwa kuwa tupu, ukihesabu ndani ya bei ukaguzi wa miaka inayofuata, na nyama ifike kwa watu.

Kuzuia uzazi kununuliwe pale tu wanyama ni wachache, wanafikika, na bajeti ina uhai wa miaka mingi. Kuhamisha kusinunuliwe kabisa.

Na anayechukia mauaji, kama wengi wetu, afanye hesabu moja kabla ya kuchagua njia ya kati. Chukua kisiwa chenye kulungu 2,000. Ukiua 200 kila mwaka ili idadi isipande, miaka kumi baadaye umeua 2,000, na bado wamebaki 2,000 wa kuanza nao upya. Hesabu hiyo haimlazimishi mtu kuchagua risasi. Anaweza kusema kwa heshima kwamba kulungu wakae na msitu wa asili upotee, na hilo ni chaguo halali lenye bei yake. Kitu kibaya kuliko vyote sokoni ni mpango wa nusu, unaomwaga damu kila mwaka na kuacha msitu uleule uliokuwa umeharibika.